Spika Zilizomuumbua Mtaalamu

Haya ni ya kweli tupu. Asiyeamini akaziulize spika zenyewe: zilikuwa mbili, kubwa kama makabati, na zilipolia hata mijusi wa darini walihama.

Kila Ijumaa mchana, msichana mmoja wa darasa la saba aliandaa vipaza sauti vya ukumbi wa shule. Alijiita Mtaalamu, wenzake hawakuulizwa. Siku hiyo wazazi walitarajiwa saa tisa.

"Nimeshajaribu kila kitu," alimwambia mwalimu mkuu.

Wapi! Hata "haloo" hakuwa ametamka. Mwalimu mkuu aliposhika maikrofoni, ukatoka mluzi wa kutoboa masikio.

"Zikilia mbele ya wazazi, ufunguo wa ukumbi nauchukua," alisema, akatoka.

Mtaalamu akapunguza sauti. Mluzi ukaisha, lakini maneno nayo hayakusikika. Akaongeza, mluzi ukarudi.

"Unakata kichwa kwa sababu ya chunusi," alisema mama fundi redio, aliyekuja kutengeneza kengele ya ukumbini.

Mtaalamu akabetua midomo. "Mama, hii ni mitambo. Si kengele."

"Mitambo! Basi iambie inyamaze."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasorobo.

Fundi akavuta kitambaa cha meza, akamshikisha ncha mbili, akakiinua katikati kwa kalamu. "Huu ndio ukumbi wako. Huku sauti nzito, kule nyembamba. Penye kalamu panainuka, sauti hiyo inakuzwa. Kalamu ikizidi urefu, kitambaa kinachanika; ndio huo mluzi. Wewe unashusha kitambaa kizima! Bana pini ubavuni mwa kalamu tu, kishuke hapo peke yake. Ukibana kwingine, umeharibu bure."

Ili kuipata sauti iliyozidi, Mtaalamu akaimba kwenye maikrofoni, kutoka nzito hadi nyembamba. Kwenye sauti moja ukumbi ukamjibu kwa mluzi. Mashine ya kuongozea spika ilikuwa na safu ya vitufe vya kupandisha na kushusha, kila kimoja kwa sauti yake; akashusha hicho kimoja. Mluzi ukafa, maneno yakabaki.

"Hongera, Mtaalamu!" alisema mwalimu mkuu mlangoni.

Fundi alimtazama msichana kama betri iliyooza.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikujaribu chochote. Aliyejua ni mama huyu." Mtaalamu akamkabidhi ufunguo.

Mwalimu mkuu akautia mfukoni. "Ufunguo utakaa kwangu mwezi mzima. Kujaribu ni dakika tano. Na usilojua, sema hujui, ili anayejua akusaidie."

"Sasa njoo unishikie ngazi," alisema fundi. "Au nayo ni ya kengele tu?"

Mtaalamu akaenda, akashika kwa mikono miwili.