Disketi ya Joyline

Siku ya soko mjini Migori, duka la Abdurahman lilikuwa halina pa kuweka mguu. Mbele aliuza redio, betri na pasi za umeme. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta moja, printa moja, na Matiko. Watu walijipanga mpaka barazani: mchimba dhahabu wa Masara aliyetaka barua ya malalamiko, mwalimu na mitihani yake, mama mmoja aliyetaka cheti cha ubatizo kichapwe upya. Matiko, kijana wa Kikuria aliyesomea kompyuta Kisumu, alikuwa amevaa shati la samawati, vifungo vimefungwa hadi shingoni kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Joyline aliingia bila kupanga foleni. Aliuza vitambaa katika duka la Habon, la jirani, na watu wa jirani hawapangi foleni, au ndivyo alivyowaambia waliomnung'unikia. Gauni la kijani, mabega yamefura kwa mtindo wa miaka ile ya tisini, nywele za matuta, na mkononi disketi iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe.

"Nasikia hakuna kitu kinakushinda," alimwambia Matiko.

"Nani amesema?"

"Wewe mwenyewe. Jana, ukijisifu kwa Habon. Sauti yako inapita ukuta."

Wateja wakacheka. Matiko akaona haya, akaipokea disketi ili apate pa kuangalia.

Ndani yake, Joyline alieleza, mlikuwa na picha ya marehemu mama yake. Ile ya karatasi ilitundikwa ukutani kwao Kendu Bay mpaka mchwa wakaila, pamoja na fremu. Kabla ya hapo kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kuchora ramani Nairobi, alikuwa ameiingiza katika kompyuta ya ofisi na kuihifadhi kwenye disketi hiyo. Kampuni ikafungwa, kaka akaenda Botswana kutafuta maisha, disketi ikabaki. Kisumu walijaribu kuifungua wakashindwa, wakamshauri aitupe. Matiko alimwambia arudi jioni, foleni ikiisha.

Alirudi. Kufikia hapo Matiko alikuwa ameshaichunguza, na alikuwa na la kusema. Disketi haikuharibika. Picha ilihifadhiwa kwa namna ya watu wa ramani, namna ambayo programu za kawaida haziifahamu. Lakini kuna watu huko duniani, wengine hata hawajuani kwa sura, walioandika maktaba nzima ya maagizo ya kusoma na kuchora picha za aina hiyo, wakaiacha bure kwa yeyote anayeitaka.

"Bure?" Joyline aliuliza. Alikuwa mfanyabiashara, na neno hilo lilimtia shaka.

"Bure. Ila wanakupa unga, hawakupi ugali. Moto unawasha mwenyewe, unasonga mwenyewe."

"Na wewe unajua kusonga?"

"Njoo kila jioni uangalie."

Basi akawa anaenda kila jioni. Usiniulize mapenzi yalianza lini hasa, maana wao wenyewe hawakujua. Joyline alileta chai na mandazi, akaketi kwenye kreti ya soda, akatazama maandishi yakipanda kwenye skrini. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu na kazi yenyewe nzito: mashine huyapitia maandishi ya wale waandishi faili baada ya faili, ikiyageuza kuwa kitu inachoweza kukitumia. Ikikwama mahali pamoja, kazi yote imekwama. Nayo ilikwama sana. Mara maktaba ilidai maktaba nyingine, na hiyo nyingine nayo ilidai ya tatu. Joyline akawa mwepesi kuliko Matiko kuyaona maneno ya kosa. "Hiyo hapo, imegoma tena," alikuwa akisema, na Matiko alijifanya kukasirika ili ashikwe bega.

Walizungumza mengi pale nyuma ya pazia. Matiko alimsimulia shamba la tumbaku la mama yake upande wa Kehancha. Joyline alimsimulia baba yake, Mzee Nashon, mwalimu mstaafu, mcheshi, ambaye ugonjwa wa sukari ulikuwa ukimnyang'anya macho polepole. Ndiyo maana aliitaka ile picha. Alitaka baba aione sura ya mkewe mara moja tena kabla giza halijafunga.

"Macho yake yakifunga kabla hajamwona mama, sitajisamehe," alisema.

Matiko aliubeba mzigo huo kama wake. Tena akauongezea wa kwake kimyakimya. Alikuwa Mkuria asiye na ng'ombe, anayetaka kuoa kwa Wajaluo, na tayari baba mdogo wa Joyline, Elijah, bila kumjua kwa sura wala kwa kazi, alikuwa ameapa kwamba jambo hilo halitatokea yeye akiwa hai. Lakini mtu akibisha hodi na sura ya marehemu mkononi, nani atamfukuza? Ndivyo alivyojiambia, na sikatai kwamba ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili. Tabu yake ni kwamba hakumuuliza mtu.

Kisha Mzee Nashon akalazwa hospitalini Homa Bay. Joyline aliomba ruhusa kwa Habon, akafunga mkoba, akaja kumwambia Matiko waende pamoja, hata kama ni kumjulia hali tu. Matiko alikuwa amegundua usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba toleo la maktaba alilokuwa nalo kwenye sidii lilikuwa la zamani, halikuijua picha ile kamwe. Kazi yote ya majuma yale ilikuwa bure. Alihitaji toleo jipya, na lingepatikana kwa kupiga simu ya mbali hadi Nairobi na kulivuta kupitia waya. Alisema atakuja akiwa na kitu cha kuonyesha. Akienda mikono mitupu watamcheka.

"Nani akucheke, na mtu ni mgonjwa?"

"Baba yako mdogo. Wewe nipe muda kidogo, Joy. Nakufanyia wewe."

Joyline aliwaza basi aoe hiyo kompyuta, na kwa bahati mbaya akalisema kwa sauti. Akaondoka bila kuaga. Matiko alibaki akitazama pazia likitikisika, akiwa na hakika kwamba atamtuliza kwa picha.

Huko Homa Bay mzee hakuwa akipata nafuu. Macho yalikuwa yamebaki na kivuli tu, na sasa figo nazo zilikuwa zimechoka. Asubuhi moja alimwita Joyline akae karibu. Elijah alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Joyline akaanza kumweleza baba yake habari za picha, kwamba inatengenezwa, kwamba ataiona. Mzee akatikisa kichwa.

"Nyathina, mwanangu, mama yako namwona kila nikifumba macho. Kwake yeye sihitaji picha. Nataka kumwona huyo kijana wako."

"Ni Mkuria, Baba."

"Nimeambiwa. Ndiyo maana nataka nimwone mwenyewe, wakati bado naona kivuli cha mtu. Mwambie aje leo, aje hivyo hivyo alivyo. Nikishamkubali mimi, hakuna wa kumkataa."

Elijah akatazama sakafu. Joyline akakimbia kwenye kibanda cha simu nje ya lango.

Safu ile yote ya maduka Migori ilitegemea simu moja, ya Abdurahman. Hata Habon hakuwa na yake. Na siku hiyo, kati ya siku zote, Abdurahman alikuwa amekwenda Kisii kuleta mali, na Matiko alikuwa ameombaomba mpaka akaruhusiwa kuitumia laini. Alichomeka modemu ya kuazima, akaipigia Nairobi, na ile maktaba mpya ikaanza kuja, kidogo kidogo, kama maji ya bomba wakati wa kiangazi. Ikifika nusu laini inakatika. Anaanza upya. Habon alipiga hodi kwenye pazia, akasema angependa kupiga Homa Bay aulize hali ya mzee. Matiko akamsihi asubiri hadi jioni, kwa sababu akiikata sasa itabidi arudi mwanzo. Hapo ndipo ninapotamani kumzaba kofi. Lakini alikuwa akitabasamu, maskini, na hakuwa amekula tangu asubuhi.

Joyline alipiga, akasikia ule mlio wa simu inayotumika. Akarudi wodini, akatoka tena, akapiga, mlio ule ule. Watu nyuma yake kwenye foleni wakaanza kumhurumia, wengine kumlaani. Alimwomba Elijah amtume binamu mmoja apande gari mpaka Migori. Elijah alikataa. Alisema simu haiwezi kutumika kutwa nzima. Mtu ameuinua mkono wa simu na kuuweka kando makusudi, na huyo ameshajibu. Joyline alitaka kubisha. Kisha akakumbuka walivyoachana, na hakubisha tena.

"Amesemaje?" mzee aliuliza.

"Yuko njiani, Baba."

Mzee akaomba ageuzwe alalie ubavu wa kuelekea mlangoni. Kila alipoingia mtu, mzee aliinua kichwa kidogo, na Joyline alilazimika kumwambia ni muuguzi, ni mfagiaji, ni mgeni wa kitanda cha pili. Jua lilipokuwa likizama mzee aliacha kuinua kichwa. Alikufa akiwa amelalia ubavu huo.

Kesho yake asubuhi, Migori, kompyuta ilimaliza kuipitia maktaba mpya, iliyofika usiku, bila kosa hata moja. Matiko alisoma mstari wa mwisho mara kadhaa kwa kutoamini. Akaisakinisha maktaba, akaita picha ya kwenye disketi, nayo ikajichora kutoka juu kwenda chini: kitambaa cheupe cha kichwa, paji la uso, macho yanayocheka, halafu mwanya kati ya meno, mwanya wa Joyline kabisa. Alicheka peke yake kwa sauti. Akaichapa kwenye karatasi nzuri kuliko zote dukani, akapiga shati pasi, akaenda Homa Bay.

Kitandani kwa Mzee Nashon alimkuta mtu mwingine. Muuguzi akamwambia kwa upole, na akamwambia pia kwamba familia imeshakwenda nyumbani Kendu Bay. Matiko hakujua la kufanya zaidi ya kuwafuata.

Boma lilikuwa limejaa. Vijana walipasua kuni za moto wa matanga, wanawake walilia ndani ya nyumba, viti vilikuwa vikishushwa. Wakwe wana mahali pao pa kuketi kwenye msiba, wenyeji wana pao. Matiko alisimama karibu na lango kwa sababu hakuwa mkwe wala mwenyeji. Joyline alimwona kutoka jikoni, akaja, leso mabegani, macho yamevimba. Matiko akampa ile karatasi.

Joyline aliitazama kwa muda mrefu. Alimgusa mama yake shavuni kwa kidole kimoja, akalia bila sauti.

"Nilipiga simu siku nzima jana," alisema hatimaye.

"Laini nilikuwa nayo mimi. Ndiyo iliyokuwa ikileta hii..."

"Hakuitaka, Matiko. Alisema mama anamwona akifumba macho. Alikutaka wewe. Alitaka akuone mwenyewe, akukubali, mbele ya Elijah. Nikamdanganya kwamba uko njiani, akawa anaangalia mlango mpaka mwisho."

Matiko alishika nguzo ya lango. Akaomba msamaha, akasema angejua angekuja kwa miguu, akasema yuko tayari kungoja hata miaka, watu wapoe.

"Nimekusamehe," Joyline alisema. "Nakuamini pia, na hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa umelewa mahali, ningekuchukia, basi. Lakini ulikuwa unanifanyia mimi. Mimi ndiye niliyekuambia habari ya picha kila jioni. Nikikuangalia naona ule mlango. Nitauona kila siku. Nakupenda, lakini siwezi kuishi nao."

"Joy."

"Usiningoje."

Elijah alikuwa akija kutoka kwenye viti, pamoja na wazee wawili. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Akasimama mbele yao, akamtazama Matiko kuanzia viatu.

"Joyline, huyu ni nani?"

Watu wa karibu wakageuka kusikia. Matiko akainua kichwa. Angetajwa kwa jina tu, angeyavumilia yote yaliyobaki, hata matusi. Joyline aliibana picha kifuani.

"Ni mtu wa kompyuta kutoka Migori," alisema. "Ametuletea picha ya mama."

Elijah aliipokea karatasi. Alipomwona shemeji yake alivua kofia, na sauti yake ikabadilika. Akamshika Matiko mkono, akamshukuru kwa moyo, akasema Mungu ambariki, akawaita wasichana wampe mgeni kiti na chai kwa sababu ametoka mbali. Matiko akaketi penye viti vya wageni, karibu na lango. Chai ya msibani haikataliwi. Akainywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaenda zake.