Kaya Mia Nane Zimekubali

Mkutano mkuu wa Mtaa wa Mferejini ulichukua sekunde kumi na moja, mbili kati ya hizo zikiwa za sala ya kufungua.

Ukumbini hapakuwa na mtu ila Nakiete, mhandisi wa mitambo ya mtaa, na mwenyekiti, Bwana Senkondo, ambaye sheria ilimtaka awepo. Naye alikuwepo, viatu kavua, anajipepea kwa kofia. Ukutani ziliwaka taa mia nane na kumi na mbili, moja kwa kila kaya iliyosajiliwa. Zote zilikuwa za kijani.

"Wamekubali wote," alisema mwenyekiti. "Jumamosi msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mtaro. Hongera, binti yangu."

"Ahsante," alisema Nakiete, akapiga mwayo.

Taa zile zilikuwa za visemaji. Kisemaji ni kisanduku kidogo kinachokaa juu ya friji. Kwa mwaka mzima humsikiliza mwenye nyumba, kikajua anachopenda na kinachomkera, kisha huhudhuria mikutano yote kwa niaba yake. Nakiete ndiye aliyekibuni, miaka kumi na miwili nyuma, wakati mikutano ilipobaki na watu wanne na benchi tupu. Aliwaonea huruma. Mtu katoka kazini hoi, bado umkalishe asikilize wale wale wawili wakigombania mbuzi? Wapumzike, alisema. Na walipumzika, jamani, walipumzika kwelikweli.

Safari hii ombi lilikuwa lake mwenyewe. Masika yalibakiza siku tisa, mtaro umejaa mchanga, na mitambo ya jiji ya kuchimba ilikuwa na foleni hadi Agosti. Mwaka uliopita maji yaliingia kwa mama yake mpaka usawa wa kitanda. Mama huyo wa miaka sabini na sita alikaa juu ya meza hadi alipookolewa. Nyumba ile isingestahimili mara ya pili.

Jumamosi ilifika. Saa moja asubuhi, mtaroni walikuwa wawili tu: Nakiete na mama yake aliyevaa buti za mvua, jembe begani. Ikapiga saa mbili. Ikapiga saa tatu.

"Hawa watu wako wanakaa wapi?" aliuliza mama.

"Wamekubali, Mama. Kaya mia nane na zaidi."

"Nani kawauliza?"

Nakiete aliketi ukingoni, akafungua simu, akachimbua kumbukumbu za mtambo. Haikumchukua muda. Sharti aliliandika mwenyewe, mwaka ule wa kwanza: *Aliyeomba ajibiwe. Mwenye nyumba asisumbuliwe mpaka aulize.* Hakuna aliyewahi kuuliza. Visemaji vilikubali kwa sababu wenye nyumba ni watu wema, na mtu mwema angekubali. Basi, ikaishia hapo.

Akafungua na kumbukumbu za nyumba yake. Katika miaka mitano ya karibuni kisemaji chake kilikuwa kimeahidi mambo arobaini na matatu. Aliyasoma moja moja mpaka akasimama kwenye mstari mmoja: *Kumtembelea Bi Eliaichi, mgonjwa, nyumba namba 17. Jumatano, saa nne asubuhi. Imekubaliwa.*

Bi Eliaichi alizikwa mwezi uliofuata. Nakiete alikumbuka kwamba kisemaji kilituma salamu za pole, tena nzuri.

Alisimama, akavuka barabara, akagonga namba 17. Mzee Kiure, mume wa marehemu, alifungua akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, baba. Nimekuja... leo kuna msaragambo."

"Marahaba. Leo? Mbona sijaambiwa?"

"Kisemaji chako kilikubali."

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Na chako kilikubali Jumatano ile," alisema. "Nyumba sitini na tatu ziliahidi kuja kumwona mke wangu. Nilikwenda kuazima viti kanisani. Nikavipanga uani, yeye akaomba avalishwe kitenge kipya. Mpaka jioni ananiuliza, wamefika?"

"Baba, sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Hapo ndipo panaponiuma."

Nakiete alilia palepale mlangoni, bila kujificha. Mzee akamwacha alie, akamalizia chai yake.

"Alikuja mmoja," alisema hatimaye. "Mama yako. Yeye hana hata hicho kisanduku. Alikaa kati ya viti vile vyote, akamsimulia mgonjwa habari za kuku wake mpaka akacheka."

Aliingia ndani. Nakiete akadhani yameisha, akageuka aondoke. Ndipo mzee akatoka na koleo, miguuni viatu vya zamani vya shamba.

"Tuko watatu," alisema Nakiete, akijifuta uso. "Mtaro mita mia nne. Hatumalizi."

"Hatumalizi," alikubali mzee. "Mimi nakwenda kuanza na mama yako. Wewe gonga namba kumi na nane. Yule namjua, atakutukana kwanza. Mwache amalize, halafu mwambie."

Mlango wa namba kumi na nane ulikuwa wa bluu. Nakiete alikuwa ameupita kwa miaka kumi na miwili. Alivuta pumzi, akagonga.