Kichekesho cha Gorofa

Soko la Gikomba Jumamosi, ile kelele yote, na bado Wakiuru aliitambua sauti ya mteja. Alikuwa ameinamia mapazia yake ya mitumba, kitambaa cha manjano kichwani, mteja huyo akibishania bei nyuma yake.

"Ngoja! Si wewe ndio wa muvi?"

Mteja, Mulongo, akacheka. Ndiye. Alizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe, akizitia vichekesho vyake, na Eastlands nzima, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ilizitazama.

"Aki nifanyie ile ya gorofa."

Akakohoa kidogo. "Oneni gorofa inalala chini! Mwenyewe alijenga na uji badala ya simiti!"

Wakiuru alicheka mpaka akashika mbavu. Mapenzi yakaanzia hapo, na jamani, yalinoga! Simu asubuhi, simu jioni, "mpenzi umekula?"

Kisha gorofa ikaanguka kweli, kule mtaa wa Mowlem, na Gichuru, kaka yake Wakiuru, alikuwa ndani.

Tangu mazishi, Wakiuru hakupokea simu za Mulongo. Naye, mwanaume mzima, akanuna, akaamini ameachwa kwa ajili ya mwingine. Jumapili moja akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kwa Wakiuru.

"Ni nani huyo?" akauliza mlangoni.

"Nani gani, Mulongo? Hebu sikiliza."

Kutoka kwa kinyozi wa chini ikapanda sauti ya Mulongo mwenyewe kwenye muvi: uji badala ya simiti. Wateja wakaangua kicheko.

"Nilishaifuta, haki ya Mungu."

"Umefuta nakala yako. Mtaa wote wanayo." Wakiuru alikuwa analia. "Wala sikulaumu. Mimi ndiye nilicheka kuliko wote. Lakini ukinipigia, ukisema tu hello, namwona Gichuru chini ya mawe."

"Basi nikuoe. Nitaacha muvi. Nitanyamaza."

"Utaweza?"

Mulongo akafungua mdomo, akaufunga, akaitikia kwa kichwa.

Wakakaa kwenye kochi, mkono kwa mkono. Chai ikapoa. Wakiuru akamtazama huyu mtu mkimya, na upweke ukamshika vibaya kuliko siku zote alizolala peke yake, maana aliyempenda ni yule mwenye maneno mengi, na sauti ya huyo hangeweza kuivumilia tena.

"Enda nyumbani, mpenzi wangu," akasema, bila kumwachilia mkono.

Alipouachilia, Mulongo alishuka ngazi bila neno, kama alivyoahidi.