Ndani ya Ukuta wa Kituo cha Utafiti

Saa 3:15 asubuhi, Jumamosi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mafuta machafu. Kipara, mkubwa wao, alitandaza ramani mezani akaikandamiza kwa spana.

"Kituo cha Taifa cha Utafiti. Leo yupo mlinzi mmoja tu. Stoo ya maabara ina vikombe thelathini vya platinamu. Mlango una king'ora, ukuta hauna. Mzee, sema."

Fundi alisogea. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kati yao watatu, yeye tu ndiye aliyelijua jengo lile kabla halijawa jengo.

"Tunapitia korido ya chini. Ukuta wa stoo pale ni mwembamba."

"Una uhakika?" aliuliza Dereva.

"Mbao za kumwagia zege lile nilizifunga mimi."

Hakusema kwamba alizifunga pamoja na mdogo wake. Hakusema kwamba siku ya kumwaga zege mdogo wake aliteleza akaangukia ndani ya mbao, na msimamizi akakataa kusimamisha kazi, maana wageni wa heshima walikuwa njiani; zege likamfunika. Mtu wa winchi aliona, akamnong'oneza Fundi, kisha akahama mji. Daftarini waliandika kwamba kijana ametoroka kazini. Mama yao, mwenye miaka themanini na nane, mpaka leo hataki mtu amwite mwanawe marehemu.

Saa 7:40 mchana.

Walivaa ovaroli. Mlinzi aliambiwa bomba limepasuka, akawafungulia bila hata kuinuka vizuri. Jengo lilisimama juu ya miguu myembamba ya zege, zito kule juu, halina rangi wala plasta. Msanifu wake alitaka alama za mbao zibaki kwenye zege milele, na kweli zilibaki. Ndani, ngazi ilijizungusha hewani bila nguzo hata moja. Hatua zao zilirudi masikioni zikiwa zimechelewa kidogo.

"Mbona kama tuko wanne?" Dereva alinong'ona.

"Funga domo," alisema Kipara.

Saa 8:05.

Fundi alipapasa ukuta wa korido kwa kiganja. Kila seremala alikuwa na mkono wake. Mdogo wake alipiga misumari miwili miwili, karibukaribu, na vichwa vya misumari hiyo vilikuwa vimeacha vidoti kwenye zege. Vidole vya Fundi vilivikuta.

"Hapa."

Mashine ya kutobolea ilinguruma mikononi mwa Kipara. Fundi alikwenda kusimama mwisho wa korido, eti analinda.

Saa 8:50.

"Ulisema mwembamba!" Kipara alikuwa mweupe kwa vumbi. "Hizi nondo zote za nini?"

"Endelea."

Zege likamomonyoka, pakawa na uwazi. Dereva alimulika tochi, akaruka nyuma. Mle ndani mlikuwa na soli ya buti na mifupa.

"Mungu wangu! Nani huyu?"

"Mdogo wangu," alisema Fundi.

Kipara alichomoa bastola. "Stoo iko wapi?"

"Upande wa pili wa jengo. Miaka ishirini nimewaandikia barua wakubwa wa kituo. Wananijibu jengo hili ni urithi wa taifa, halitobolewi. Nyinyi mna mashine."

"Umetuingiza mkenge, mzee!"

"Na polisi nimewapigia wakati unatoboa. Wao wakiona mifupa, lazima waandike."

Kipara alimpiga kitako cha bastola usoni, akatimua mbio. Dereva alimvuta Fundi mkono.

"Twende, mzee wangu! Tutarudi kumchukua."

"Kesho watakuwa wameziba. Nenda, mwanangu."

Dereva alikimbia huku akilia. Nje ilisikika milio miwili ya risasi, kisha kimya.

Fundi alipiga magoti, damu ikimtiririka shavuni. Aliingiza mkono ukutani mpaka begani. Viatu vizito vilijaa koridoni.

"Mikono juu! Yote miwili!"

Akainua mmoja.

"Huu mwingine siwezi, afande. Umemshika mdogo wangu."