Mchanga Mweusi Uani kwa Merv

Kila asubuhi Glenys Tranter huwafungulia kuku wake na kuokota mayai. Mwaka mmoja, mawili alikuwa akimkaangia mjukuu wake, Tahlia, mtoto wa miaka miwili. Akishakula, Tahlia alishinda uani akichimba vishimo kwa kijiko.

Kisha kliniki ikampima damu. Ilikuwa na madini ya risasi kupita kiasi.

"Kiwanda cha kuyeyushia risasi kilifungwa zamani," Glenys alishangaa. "Moshi hakuna. Risasi inatoka wapi?"

Mumewe, Merv, alinuna. Alikuwa ameyeyusha risasi kiwandani humo miaka ishirini na sita. "Mimi nimeivuta maisha yangu yote, na bado nipo."

"Upo, ila miwani yako unanitafutisha mimi kila siku."

Alhamisi alikuja Ljupka, mpimaji wa udongo. Kipimo chake kilifanana na mashine ya kukaushia nywele. Alikigusisha ardhini karibu na lango. Glenys akachungulia namba.

"Hapo je?"

"Pana nafuu, mama. Twende kwa kuku."

Bandani namba ilipanda mara kumi.

"Mbona huku nyuma ndiko kumezidi?" Glenys aliuliza. "Moshi ulikuwa unachagua?"

Ljupka alifukua kidogo. Chini ya nyasi palikuwa na mchanga mweusi unaong'aa.

"Huu haukuletwa na moshi. Ni mavi ya chuma, makapi yanayobaki madini yakiyeyushwa. Kuna mtu aliuleta."

Merv alitazama viatu vyake. "Ni mimi. Tuligawiwa bure kiwandani. Nikasawazishia ua."

"Kwa hiyo kuku wanadonoa, na mayai yanabeba sumu?" Glenys aliuliza tena.

"Ndiyo, mama. Na mtoto anachezea udongo, anatia vidole mdomoni. Risasi haiozi. Inaharibu ubongo wa mtoto hata kama haonekani mgonjwa."

"Nichukue koleo sasa hivi," alisema Merv.

"Hapana, mzee. Utatimua vumbi mlivute nyote. Waachie mafundi."

Mafundi walikuja. Waliulowesha udongo kwanza, wakauchimba nusu mita, wakaupeleka kwa lori lililofunikwa. Ulizikwa katika shimo maalumu kwenye kiwanda cha zamani, ukafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Uani walitandika kitambaa kigumu, wakamwaga udongo safi, wakapanda nyasi.

Ndani, Glenys aliacha kufagia sakafu kavu, akawa anapiga deki. Viatu vilibaki mlangoni. Tahlia alinawa kabla ya kila mlo. Mayai ya kuku wale hayakuliwa tena.

"Tuwachinje?" Merv aliuliza.

"Nani ale sumu hiyo? Waache. Wamestaafu, kama wewe."

Baada ya miezi tisa, Tahlia alipimwa tena. Risasi ilikuwa imeshuka hadi chini ya nusu ya ile ya kwanza. Glenys alilia palepale kliniki.

Walipofika nyumbani, Merv alichukua karatasi akaandika majina ya wenye nyumba kumi na moja. Nyumba hizo zote alikuwa amezipelekea mchanga ule kwa tela lake enzi za kiwanda. Akaenda kugonga mlango wa kwanza.

"Bev," alisema kabla hata ya salamu, "ule mchanga mweusi niliokuletea una sumu. Naomba nikuonyeshe nilipoumwaga."