Kifaa Hakikunyamaza

Munyiva, rafiki yangu, si mtu wa kutia chumvi. Anafanya kazi kwenye maabara moja hapa Kitengela. Wanafuga seli hai ndani ya kipande cha kioo, na kifaa cha betri hulia kila zinapovuta oksijeni.

Jumamosi mchana aliingia peke yake kukiosha kioo kwa dawa. Seli zote zikafa, kifaa kikanyamaza. Mara stima ikapotea, mlango wa umeme ukakwama.

"Vumilia, madam," mlinzi akamwambia kutoka nje. "Fundi ndio anatoka Bisil saa hii."

Chumba hakina dirisha. Gizani, kifaa kikaanza kulia. Munyiva akahema kwa hofu. Kikalia haraka zaidi. Akajiambia kinafuata pumzi yake tu.

Akaibana pumzi hadi kifua kikauma. Kifaa hakikunyamaza.