Dakika Arobaini za Mama Nyaruach

Foleni ya kliniki ya Kakuma ilikuwa imefika barabarani Nyadak alipoingia amemshika mama yake mkono. Gauni la manjano la binti huyo lilimfanya Etabo, tabibu wa zamu, asahau salamu ya Kiswahili, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok."

"Ejok, daktari. Mgonjwa ni huyu, si mimi."

Mama Nyaruach alicheka, kisha akakohoa. Etabo alimdunga sindano. Midomo ikamvimba papo hapo. Alimpa dawa nyingine, uvimbe ukashuka. Wakaambiwa wangoje kidogo, na katika kungoja huko Etabo na Nyadak walipiga soga mpaka watu wa nje wakagonga mlango.

Kliniki ilitoza kwa dakika. Etabo aliandika dakika arobaini kwenye faili la mama. Maelezo ya ugonjwa akayaacha mpaka Jumapili, kama kawaida yake.

Siku zilizofuata ilikuwa simu tu kati ya vijana hao wawili.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe huna kazi?"

"Kazi yangu ni wewe."

Jumamosi homa ya mapafu ikamzidi mama. Gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali ya Lodwar.

"Sindano gani ilimvimbisha?" daktari wa Lodwar aliuliza.

"Sijui jina."

"Faili lina dakika arobaini tu, chini hakuna neno. Nikikisia, nitamuua."

Nyadak alimpigia Etabo simu, akapiga tena. Haikupatikana. Mama alihema kwa shida. Nyadak akaamini mwanamume yule amejificha.

Etabo alikuwa akitibu watu mbali na mtandao, nje ya Kalobeyei. Jioni simu iliposhika mtandao, alipiga.

"Nyadak?"

"Mama anakufa! Ulimdunga nini?"

"Penisilini! Mpe daktari simu!"

Mama akaanzishiwa dawa isiyo penisilini usiku huo. Asubuhi Etabo alishuka Lodwar, shati limejaa vumbi. Nyadak alimzuia mlangoni.

"Dakika arobaini! Za Mama hazikuzidi kumi. Zingine ulikuwa ukinitongoza mimi, na ukamtoza yeye!"

"Ni kweli."

Aliomba faili, akaandika amesimama: sindano, uvimbe, dakika kumi. Nyadak alichungulia.

"Umeweka tarehe ya leo? Wakubwa wako watajua hukuandika siku ile."

"Wajue."

"Watakufukuza, Etabo."

"Huenda. Nisamehe, Nyadak."

Ndani, mama alikuwa bado anahema, macho ameyafumba. Nyadak aliingia, akasogea kwenye benchi kando ya kitanda, akaacha nafasi.

"Kaa. Usinishike mimi. Mshike Mama mkono."